Taja na Kasoro Yake

Miaka ile ya kikundi, mchana wangu ulikuwa umejaa watu nisiowajua sura. Nilikuwa nakaa kwenye veranda ya nyumba tuliyopanga Kiamunyi, chai imeshapoa, jua la saa nane limelala juu ya mabati ya jirani, na simu inatetemeka mapajani. Mtu wa Rongai anauliza nani anajua fundi wa pampu. Mtu wa Gilgil anajibu. Mtu wa Mai Mahiu anaingilia kati kueleza jinsi pampu yake ilivyopona, utadhani anazungumzia mgonjwa. Yote yalikuwa maandishi tu, lakini mimi nilifumba macho nikawapa sauti. Huyu nilimpa sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, yule nikampa sauti ya mwalimu wa chekechea. Nilisinzia huku wakizungumza, na nilipozinduka niliwakuta wamefika mbali, wanajadili bei ya viazi.

Watu wakiniuliza ilianzaje, huwa natamani kusema ilianza kwa wazo zuri. Ilianza kwa hasira. Tulikuwa tumehamia nyumba hiyo juzi tu, bomba la jikoni likapasuka, nikampigia fundi ambaye namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya stima. Akaja, akalifunga bomba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaniambia hiyo sasa ni mpaka uzeeni. Asubuhi iliyofuata ndala zangu zilikuwa zinaelea. Niliwaka. Nikafungua kikundi kwenye simu, nikawaandikia wanawake sita tunaosali pamoja: nani kati yenu anamjua fundi wa bomba ambaye amemwona akifanya kazi kwa macho yake mwenyewe, sio kuambiwa? Kabla sijamaliza kukamua tambara, nilikuwa na jina la mtu mmoja tu, na wanne kati yao walikuwa wamemtaja yeye yule.

Sikukivunja kikundi. Wale sita walileta dada zao, dada wakaleta majirani, na kabla ya mvua za Aprili kulikuwa na watu kutoka Njoro hadi Naivasha ambao waliingia kwa sababu mtu fulani aliwaambia ingia. Hatukuwahi kutangaza. Nilipenda hilo kupita maelezo. Mji wetu una mabango mpaka kwenye miti, na kila bango linasema wao ndio namba moja, na hapa palikuwa na mahali ambapo biashara ya mtu ilisogea kwa mdomo wa aliyenunua peke yake.

Halafu wakaja waongo. Ghafla kila mfanyabiashara alikuwa na binamu. Mwoka keki mmoja alisifiwa na watu watano asubuhi moja, wote wakitumia maneno yale yale, na keki yake ilipofika kwenye ruracio ya mtu, sherehe ya kupeleka mahari, ilibidi ikatwe kwa kisu cha nyama. Nilikasirika siku nzima. Nikaandika sheria mbili nikiwa bado nimesimama: taja tu ulichokigusa kwa mkono wako, na usimtaje mtu wa damu yako. Atakayemtaja wa damu yake atakaa nje miezi mitatu. Niliandika hivyo, miezi mitatu, bila kuuliza mtu, kwa sababu nikikasirika huwa nakuwa hakimu.

Sheria ya tatu haikuwa yangu. Niliipata kwenye duka la vitambaa mjini, kwenye barabara ile ambayo Oktoba ikifika lami yake hugeuka zambarau kwa maua ya mijakaranda. Mwenye duka ni mama wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo juu ya duka. Babu yake aliuza vitambaa kwenye kaunta ile ile, na wateja wote tunamwita auntie. Nilikuwa natafuta kitambaa cha pazia. Nikashika kimoja cha rangi ya maziwa, nikamuuliza kama ni kizuri.

"Kizuri," akasema. "Lakini jua ya saa tisa ikipiga moja kwa moja, baada ya mwaka itakuwa njano kidogo. Dirisha yako inaangalia wapi?"

Nikamwambia linaangalia mashariki.

"Basi chukua. Unajua, mimi nikisema hii kitambaa haina shida hata moja, wewe utaenda kuuliza duka ingine. Nikikuambia shida yake, unajua nimeishi na yeye."

Nilitoka na mita nane za kitambaa na sheria mpya. Jioni hiyo niliiandika: ukimtaja mtu, taja na kasoro yake. Siku iliyofuata nikamwingiza auntie kikundini na kumfanya msimamizi mwenzangu.

Nadhani hapo ndipo kikundi kilipopata roho. Mwanzoni watu waliona haya, halafu ndimi zikafunguka. Fundi viatu wa karibu na soko: anashona kiatu mpaka unakisahau, kasoro yake atakueleza siasa na hutoki kabla hajamaliza. Mama wa maziwa wa Njoro: maziwa hayajaona maji, kasoro yake ng'ombe akiugua hakuambii, unaamkia chai ya rangi. Hoteli moja ya madereva wa malori kule Mai Mahiu: nyama inaachia mfupa yenyewe, kasoro ni choo, jikaze mpaka Naivasha. Tulicheka, na huku tunacheka tuliamini. Wenye biashara walionuna mwishowe walikuja kujivunia. Kinyozi mmoja wa Lanet alichora kasoro yake ukutani kwa rangi nyekundu, kwamba yeye hukata nywele polepole, na nasikia wateja wakaongezeka.

Kulikuwa na ujanja mmoja tu tuliouwinda, nao tuliuita kasoro ya mchumba. Wanaoijua shughuli ya kuulizia msichana wataelewa. Upande wa kijana wakiuliza kwa utani binti yenu ana kasoro gani, shangazi yake husimama kwa huzuni ya kuigiza na kusema, kwa kweli tusiwafiche, mtoto huyu anapenda kazi kupita kiasi. Watu hucheka, na hakuna anayedanganyika. Basi kwenye kikundi mtu akiandika kwamba kasoro ya fundi wake ni kuwa mwaminifu mno, wanachama walimrukia kwa neno hilo moja, mchumba, na ujumbe wake ukafutwa. Auntie ndiye aliyekuwa na pua kali kuliko wote.

Wakati huo mama yangu alikuwa Dundori, juu kabisa, mahali ambapo ukungu huingia kwenye nyumba asubuhi kabla ya watu kuamka. Alikuwa anafuma sweta. Mashine yake ilikuwa chumba cha mbele, chini ya dirisha, ndefu kuliko kitanda, na sauti yake ndiyo saa niliyokua nayo: kraa kwenda, kraa kurudi. Ukisikia imenyamaza ulijua uzi umekatika au uji umeiva. Watoto wa mlima ule, kizazi baada ya kizazi, walienda shule ndani ya kazi ya mikono yake. Alitulea na mashine ile, mimi na kaka yangu, na hakuwahi kulalamika nikamsikia.

Kisha shule zikaanza kuelekeza wazazi kwenye maduka ya mjini, yenye sweta nyepesi zinazotoka kiwandani zimekunjwa ndani ya nailoni. Mwaka mmoja aliletewa nusu ya kazi aliyozoea, mwaka uliofuata wakaja wachache tu, halafu hakuja mtu. Nilienda kumwona Agosti moja, baridi imekaza, nikamkuta amelala na jua limeshapanda. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumkuta kitandani. Aliamka, akakaa kwenye kiti cha mashine, mikono mapajani, akatazama ukungu ukipita kwenye kabichi. Nilimwekea chai, ikapoa.

"Kuna mtu wa huko Bahati anaitaka," akasema, akigusa mashine kwa kidole. "Anasema ataichukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Iende tu, mami. Inakula nafasi."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Shida haikuwa riziki, kwa sababu kaka yangu na mimi tulikuwa tunamtunza. Niliogopa kitu kingine, na nitakisema kilivyo: niliogopa kwamba siku mashine itakapotoka mlangoni, mama atatoka nayo, na kitakachobaki kwenye kile kiti kitakuwa mwanamke mzee anayesubiri chai.

Na mimi nilikuwa na kikundi. Mpishi wa mandazi aliyetajwa Jumatatu alimaliza unga kufika Jumatano. Neno moja kuhusu sweta za Dundori, na simu ya mama ingeita mpaka betri iishe. Lakini neno hilo halikuwa halali kutoka kinywani mwangu, na sheria hiyo niliitunga mwenyewe, nimesimama, nimenuna. Basi nikaanza kuwachokoza wengine waliseme. Niliandika, jamani baridi imeanza, watoto wanavaa nini? Wakataja koti. Nikaandika, nani anakumbuka sweta za kufumwa za zamani? Wakaanza kukumbuka walimu wao, viboko, na maziwa ya bure ya shuleni, wakakumbuka mpaka machozi, na hakuna aliyemkumbuka mama. Niliwachukia wote kwa nusu saa.

Nilikuwa na simu ya zamani yenye laini nyingine. Niliiingiza kikundini mwanzoni, nilipokuwa najifunza mambo ya usimamizi, nikaisahau humo. Jumanne ya wiki ile ya mwisho, mchana, nikiwa kwenye veranda, niliiwasha. Nikaandika kwamba mimi ni mzazi wa Rongai, kwamba kuna mama Dundori anayefuma sweta za shule, mtoto wangu ameivaa miaka na miaka na haijatoboka kiwiko. Nikaweka namba ya mama. Nikafika kwenye kasoro, vidole vikasimama. Mjakaranda mmoja ulikuwa unadondosha majani yake madogo kwenye ua, moja moja, na niliyatazama kwa muda mrefu nikitafuta kasoro ya mama yangu. Mwishowe niliandika: kasoro yake huchelewa kidogo, kwa sababu hurudia kila mshono mpaka aridhike.

Nikatuma. Kwa dakika chache nilihisi utamu mwilini, kama mtoto aliyeficha zawadi chini ya mto.

Auntie ndiye aliyejibu kwanza. "Mchumba," akaandika. Halafu: "Mzazi wa Rongai, leta picha ya sweta."

Sikuwa na picha. Nilikuwa na mwili mzima uliolelewa ndani ya sweta zile, na sikuwa na picha hata moja. Niliitazama simu ya zamani mkono wa kushoto na simu yangu mkono wa kulia, na kwenye zote mbili maneno yalikuwa yanashuka.

"Hata shule hajataja."

"Huyo ni mathe mwenyewe, amebadilisha laini."

"Wazee siku hizi ni wajanja aki."

"Admin, toa huyo."

Admin nilikuwa mimi. Nikamtoa. Kwa mkono wa kulia nikauondoa mkono wa kushoto, na wakanishukuru kwa vidole gumba na makofi ya manjano. Ningekuwa nimepona hapo, kama si mwanamke mmoja aliyechukua namba ya mama akaituma tena, na onyo juu yake: huyu fundi wa Dundori anajisifu kwa namba bandia, muwe macho. Watu wakaipeleka kwenye vikundi vingine. Mdomo ule ule nilioujenga, unaokwenda haraka kuliko bango lolote, ulikuwa sasa umembeba mama yangu ukizunguka naye Bonde la Ufa ukimwita mwongo. Na yeye kule juu, na simu yake ya vibonyezo, hakujua lolote. Niliingia bafuni nikalia na bomba limefunguliwa, lile lililotengenezwa na fundi mzuri.

Jumatano sikumbuki nilifanya nini. Alhamisi nilijikuta mjini, dukani kwa auntie, nikipapasa vitambaa ambavyo sikuwa na haja navyo. Nje vumbi la Agosti lilikuwa linazunguka lenyewe barabarani, likainuka, likatulia. Auntie alikuwa anakata kitambaa cha sare, na mkasi wake hausikiki, unateleza tu.

"Ule wa sweta," akasema bila kuinua macho, "mimi nilimhurumia. Pengine kazi ni nzuri. Lakini mtu ambaye amevaa kitu anajua mahali inauma. Huyo hajavaa."

Hajavaa. Nilishika ukingo wa kaunta.

Maana niliingia ndani ya sweta hapo hapo, nimesimama kati ya majora ya vitambaa. Nilikuwa na miaka mitano. Ilikuwa asubuhi ya Dundori, giza la ukungu, na mama ananivisha sweta mpya kupitia kichwani, na kichwa kimekwama shingoni. Shingo za sweta za mama zilibana. Zilibana zote. Alizifuma ndogo makusudi ili upepo wa mlima usipate mlango, na kila mtoto wa mlima ule alizaliwa mara ya pili kila asubuhi, masikio yakiwaka moto. Humo ndani palikuwa na giza la samawati na harufu ya sufu na mafuta ya mashine. Mwanga uliingia kwa vitundu vidogo vidogo, vingi sana, na nje yake sauti ya mama ilikuwa inaniita kutoka mbali: "Umefika?" Sijafika. "Sukuma kichwa. Umefika?" Halafu masikio yanachomoka, na uso wake uko pale, mkubwa, unaniangalia. "Inabana?" Kila asubuhi aliuliza. Na kila asubuhi nilimwambia haibani, kwa sababu alikuwa ameamka saa kumi kuifuma.

Nilikuwa naijua kasoro ya mama tangu nina miaka mitano. Sikuikosa pale verandani, niliipita.

"Auntie," nikasema, "yule ni mama yangu. Na mzazi wa Rongai ni mimi."

Mkasi ukasimama. Alinitazama juu ya miwani, kwa muda mrefu kiasi cha mteja kuingia, kuuliza vifungo, na kutoka. Nilidhani atanifukuza. Alikikunja kile kitambaa, akakilaza, akakipiga kofi kwa upole.

"Sheria ni yako," akasema. "Miezi mitatu. Andika ukweli kwanza, halafu utoke. Mimi nitafunga mlango."

Niliandika pale pale, nimekaa kwenye kiti cha wateja wanaosubiri, na sikujificha tena nyuma ya mzazi wa Rongai. Niliandika kwamba ni mama yangu, kwamba hajui hata kikundi ni nini, na kwamba uongo ni wangu mimi niliyewatungia sheria. Nikaandika kwamba nimevaa sweta zake tangu chekechea mpaka kidato cha nne, na hakuna iliyowahi kutoboka kiwiko. Halafu nikaandika: kasoro yake, shingo inabana. Inabana sana. Masikio yatawaka moto kila asubuhi, na mtoto mwenye kichwa kikubwa atalia. Nikamwachia auntie usimamizi, nikabonyeza kitufe cha kutoka.

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Ijumaa nilikaa verandani na simu ikiwa mapajani, haitetemeki, na nilijikuta nikitega sikio. Wale watu wote wa Rongai na Gilgil na Mai Mahiu walikuwa wanazungumza mahali fulani bila mimi, juu yangu bila shaka, na mimi niliyewapa sauti nilibaki nasikia kuku wa jirani. Niliona aibu mpaka vidoleni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na wepesi, kidogo tu, wa mtu aliyetoa kichwa.

Jumamosi nilipanda Dundori mapema. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyumba ya mama niliitambua kwa moshi wake kwanza. Alikuwa ameshaamka. Alikuwa ameipangusa mashine, akaitia mafuta, akaifunika kwa leso yake nzuri, ile anayovaa kwenye harusi. Mtu wa Bahati alifika na pikapu na kamba, mwanamume mpole, akavua kofia mlangoni. Mimi nilisimama karibu na ukuta, karibu na sweta kuukuu ya mfano iliyotundikwa kwenye msumari miaka yote hiyo, ile ya kuwaonyesha wazazi. Nilitaka kusema kitu na sikuwa na haki ya kusema.

Simu ya mama ikaita. Aliitafuta kwenye mfuko wa aproni, akabonyeza, akaiweka sikioni kwa mikono miwili. Sauti ya mwanamke ilitoka kubwa, chumba kizima kikasikia.

"Halo, ni mathe wa sweta? Napiga kutoka Rongai."

Rongai. Nikafumba macho.

"Nina vijana wawili, na wa pili ana kichwa, mathe, kichwa si mchezo. Nimesikia sweta zako hazitoboki, lakini shingo inabana. Unaweza kumpanulia?"

Shingo ya mama mwenyewe ikanyooka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliona macho yake yakiwa makali.

"Kubana? Nani amesema sweta zangu zinabana?"

"Wamesema huko kwa group. Binti yako."

Mama akanigeukia, simu bado iko sikioni. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka sakafuni na mtu wa Bahati alikuwa anachezea kofia yake, haangalii popote.

"Ni mimi, mum," nikasema. "Nimewaambia watu inabana. Nimewaambia mambo mengine pia, nitakueleza yote. Lakini hiyo ni kweli."

"Nitakupigia," akaiambia simu, akaizima. Alitembea mpaka kwenye msumari, akaitungua ile sweta ya mfano, ambayo ilifumwa kwa kipimo cha msichana wa kidato cha nne, kipimo changu, akanitupia.

"Vaa."

Nikavaa. Mtu mzima, mwenye mtoto shuleni, nikaingiza mikono, nikaingiza kichwa, na kichwa kikakwama pale pale. Giza la samawati. Sufu, mafuta ya mashine. Vitundu vya mwanga, vingi sana. Na nje, kutoka mbali, ile sauti.

"Umefika?"

"Sijafika."

"Sukuma kichwa." Kisha: "Inabana?"

Nilikuwa na jibu la miaka yote tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Inabana, mum."

Mikono yake, iliyokuwa imeshika mabega yangu, ikatulia. Nilisikia mtu wa Bahati akikohoa. Nilisikia kuni zikipasuka jikoni.

"Tangu lini?"

"Tangu chekechea."

"Na mimi nilikuwa naambia watu," sauti yake ikasema polepole juu ya kichwa changu, "mtoto wangu hana shida. Huyu hajawahi kulalamika hata siku moja. Nilikuwa nasema hivyo kwa kila mtu."

Nikaanza kulia humo ndani, na machozi yalikuwa yanaingia kwenye sufu bila mtu kuyaona. Kisha nikahisi kitu baridi kikigusa utosi wangu. Ulikuwa mkasi. Alikata fundo la mwisho la ukingo, akaanza kufumua, mshono baada ya mshono, akizunguka kichwa changu taratibu, na shingo ikawa inalegea na mwanga ukawa unashuka.

"Usitikisike," akaniambia. Halafu akasema kwa sauti ile nyingine, ya kuita watu waliokaa mbali na jiko: "Boss, rudisha kamba yako kwa gari uje unywe chai. Leo kuna kazi."